Dani Hutoka Mwisho

Habari ya kifo cha Mama Debora ilinikuta sokoni, mbele ya meza ya samaki, na nisidanganye, nilimalizia kwanza kununua samaki. Nilimwambia muuzaji anipasulie changu wawili, nikasubiri, nikalipa, nikatoka nje kwenye joto, ndipo nikausikiliza tena ule ujumbe wa sauti kutoka Kitale. Aliyeutuma ni Debora mwenyewe, binti ambaye sote tuliijua sauti yake na hakuna aliyewahi kuiona sura yake. Alisema mama ameumwa wiki mbili, amelala, hakuamka. Sikulia. Watu wananiita mkavu na mimi sibishi. Nimefanya kazi hotelini miaka mingi, kazi ya kusimama pembeni ya meza za watu na kusikia bila kuonyesha kuwa unasikia, na kazi hiyo humkausha mtu. Jumapili iliyofuata tulikutana Al Nahda kwa sala, sisi tuliobaki Dubai kati ya wale tuliowahi kulala naye chumba kimoja, na kabla hatujainuka pale nikaambiwa jambo ambalo halijaniacha tangu siku hiyo. Lakini jambo hilo halina maana kwa mtu asiyeujua mwaka wenyewe, kwa hiyo nianze na mwaka.

Tuliishi Al Muraqqabat, sebule moja ya ghorofa ya nne, wanawake wa Kenya, Uganda na Tanzania, vitanda vya deka ukutani na kila kitanda na pazia lake. Sebule ilikuwa na dirisha moja, nalo lilitazama ukuta wa jengo la jirani, karibu kiasi kwamba ungeweza kunyoosha mkono ukaufuta vumbi. Mwanga wa mle ndani ulikuwa mmoja tu, asubuhi mpaka jioni. Nilipofika mimi, sebule ilikuwa ya ugomvi. Wakenya walikuwa upande wa kiyoyozi, Waganda upande wa jikoni, sisi Watanzania tumebanwa mlangoni, na kila asubuhi mbele ya bafu palikuwa na vita. Huyu ana basi la kampuni linalomsubiri chini, yule anasema amewahi kuamka, mwingine ameingia na taulo la mwenzake. Ilifika mahali watu wakawa wanafichana chumvi. Mama Debora ndiye aliyekuwa na jina kwenye mkataba wa nyumba, mwanamke mnene wa Kitale, msimamizi wa udobi kwenye hoteli moja ya mjini, mlokole wa kuamka alfajiri, na mwenye sauti ambayo haikuhitaji kupandishwa. Alituvumilia miezi kadhaa. Kisha Ijumaa moja, siku ambayo wengi tulikuwa mapumzikoni, akatuambia tuondoe kila kitu katikati ya chumba.

Alitupanga kama kambi ya Waisraeli jangwani. Sisemi kwa mfano. Alitupanga hivyo hasa. Alitueleza kwamba watu wale walikuwa wengi kuliko sisi, wamebeba vyungu na watoto na mbuzi, na jangwa ni jangwa, lakini hawakulala ovyo. Hema la kukutania lilikaa katikati. Mashariki wakapiga kambi Yuda, Isakari na Zabuloni. Kusini Reubeni, Simeoni na Gadi. Magharibi Efraimu, Manase na Benyamini. Kaskazini Dani, Asheri na Naftali. Kila kabila penye beramu yake, yaani bendera ya ukoo, na mlango wa kila hema ukitazama katikati. Kambi ikiondoka, Yuda anatangulia na wake, halafu Reubeni, halafu Efraimu, na Dani anatoka mwisho kabisa, akiwalinda wote kwa nyuma. Basi na sisi vitanda vitatu kila upande, katikati zulia tupu, hakuna viatu juu yake, hakuna sanduku, hakuna nguo za kuanika. Hapo tutasali na hapo tutakula. Akatuchanganya mataifa makusudi, akifuata zamu zetu za kazi: wanaotoka mapema Yuda, wanaochelewa Dani. Mimi nilikuwa wa kifungua kinywa hotelini, nikapewa Isakari, kitanda cha chini, jirani yake yeye mwenyewe, aliyejiweka Yuda. Kuna waliocheka. Mmoja wa upande wa Gadi alisema huyu mama joto limempanda kichwani.

Akabaki mtu mmoja nje ya hesabu, naye ni Rukia, Mwislamu pekee, binti wa Unguja aliyekuja kwa mjomba wake wa siku nyingi hapa Dubai na kuona nyumba ya mjomba ina wajomba wengi mno. Alilala kwenye ukumbi mwembamba kati ya sebule na jiko. Mama Debora akamfanya Mlawi. Alisema Walawi hawakuhesabiwa na makabila, kazi yao ilikuwa hema, na katika nyumba hii anayetawadha mara tano kwa siku ni Rukia, basi zulia ni lake kulitunza. Rukia alilipokea jambo hilo, akaanza kulifagia zulia kila asubuhi, na akalitumia kwa swala zake. Na hapo hapo ndipo lilipozaliwa kosa. Kwa kuwa jua hatulioni, Mama Debora alihitaji kujua pande za dunia, na alizijua kwa njia aliyokulia nayo: jirani zake wa Kitale walikuwa Waislamu, na kwao huko, kama ilivyo kwetu sote Afrika Mashariki, anayeswali anatazama kaskazini. Alimtazama Rukia anavyotandika mswala, akaelekeza kidole kwenye ukuta ule, akasema kaskazini ndio huo, Dani wakae pale. Sote tulikubali. Hakuna anayeitafuta kaskazini kwenye simu yake kama anaamini anaijua. Hakuna aliyefikiri kwamba sisi tumehama na Maka haikuhama.

Siwezi kueleza kwa nini mpango ule ulifanya kazi, ila ulifanya. Foleni ya bafu ikafuata mwendo wa kambi, Yuda wa kwanza, Dani wa mwisho, na ndani ya wiki mbili vita vya asubuhi vilikwisha. Tukaanza kuitana kwa makabila. Nilikuwa ninaitwa dada Isakari hata na watu ambao sikumbuki majina yao ya ubatizo. Jioni tulikula juu ya zulia, sinia mbili, ugali na mchicha, au maharage yaliyoungwa kwa tui la kopo, Ijumaa wali na samaki, na wakati mwingine mtu akipata matoke kwa rafiki yake wa Al Quoz ilikuwa sikukuu. Mimi nilikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, nilidhani kupanga watu kwa Maandiko ni ujinga wa wazee, lakini nilikuwa nikirudi kazini nimechoka, nikiona lile zulia tupu katikati ya watu wote wale, nilikuwa ninashusha pumzi. Mpaka leo chumba changu nakiacha katikati pakiwa wazi. Wageni huniuliza kama nimehamia jana.

Mpishi wetu alikuwa Nabwire, wa Mbale, na yeye ndiye sababu ya kisa hiki. Alikuwa mfanyakazi wa ndani kwenye nyumba moja ambayo hakupenda kuisimulia. Madam wake alikuwa anamfungia, hilo tulilijua, na alipotoka alitoka na nguo alizovaa, pasipoti ikabaki kwenye kabati la wenyewe, na kafili, yule mwajiri aliyemdhamini viza, akatoa taarifa kwamba ametoroka. Tangu hapo hakuwa na karatasi yoyote. Akikutwa, ni kufungwa na kurudishwa, na kwao alikuwa ameacha pacha wawili kwa mama yake wanaokula kwa mikono yake. Aliishi kwa kutusuka nywele na kutupikia. Mama Debora alimweka Dani, kitanda cha chini, kwa kuwa hakuwa na zamu ya kuwahi. Na Dani ikamkaa vizuri, maana kazi ya nyuma ni kukusanya vilivyosahaulika: sote tukishatoka, Nabwire alikagua gesi, alizima taa, na mara nyingi alishuka ngazi mbio na kadi ya kazi ya mtu. Alifika mpaka ghorofa ya kwanza. Pale alisimama, akaita, na mtu akapanda kuifuata, kwa sababu chini ukumbini hakuthubutu kutia mguu.

Pazia halizuii sauti. Kutoka Isakari nilisikia simu zote za Mama Debora kwenda Kitale, na nilizisikia kwa uaminifu kama ninavyosikia meza za hotelini. Debora alikuwa anamtaka mama arudi. Mama alikuwa anasema bado, mkataba wake umeongezwa, amepewa usimamizi wa udobi wote sasa, wasichana wa kazini wanamwita madam, hebu fikiria, mimi wa kuitwa madam. Aliisema hiyo ya madam mara nyingi na kila mara alicheka chinichini. Nilijua kwamba kazi ile aliipenda. Wengi wetu tulikuwa tumekuja kutafuta tu, tukipata tuondoke. Yeye alikuwa amekuja akiwa mtu mzima, mjane, na hapa kwa mara ya kwanza watu walikuwa wanasimama anapoingia.

Mwishoni mwa mwaka mlinzi wa jengo, mzee wa Peshawar aliyempenda Mama Debora kwa sababu ya chapati zake, akamwambia kwamba wakaguzi wanapita mtaa wetu kuangalia nyumba zilizojaa watu kupita kiasi. Wiki ijayo watakuwa hapa. Khalas, madam, hama. Mjomba wa Rukia akatupatia nyumba Al Nahda kwa jina lake mwenyewe, na tukapanga kuhama Ijumaa hiyo hiyo asubuhi kwa pikapu moja, safari mbili tatu. Swali lilikuwa Nabwire. Yule dada wa Gadi alisema apelekwe wa kwanza, kabla mitaa haijachangamka. Mama Debora alikataa. Tutatoka kama kambi inavyotoka, alisema, Yuda kwanza, na Mlawi wetu na zulia nyuma ya Yuda, na Nabwire atakuja na Dani tukiwa tumeshaona mlinzi wa kule ni mtu wa namna gani. Hoja yake haikuwa mbaya, ila nakumbuka nilivyokereka. Nilimwona mtu ambaye mpango umemkaa mpaka haoni watu.

Kwa hiyo asubuhi ile tulitangulia sisi wa Yuda pamoja na Rukia na zulia lake. Nyumba ya Al Nahda ilikuwa juu, na sebule yake ilikuwa na dirisha la ukweli, na jua lilikuwa limeingia mpaka nusu ya sakafu. Baada ya mwaka wa ule mwanga wa ukuta wa jirani, tulisimama tu tukilitazama. Simu ya Mama Debora ikalia. Alisikiliza, akasema haya, asante sana, akaikata, akatuambia ni dereva anauliza kama arudi. Akaingia jikoni alikokuwa Rukia. Baada ya muda mfupi Rukia akatoka, akatandaza zulia, akatandika mswala wake juu yake na akaswali rakaa mbili za dhuha, zile za asubuhi zisizo za lazima, jua likimpiga mgongoni. Mama Debora alisimama mlangoni pa jikoni akimwangalia mpaka akatoa salamu. Kisha akauliza, kwa sauti ya kutaka sote tusikie, jua linachomoza wapi. Tukamwambia mashariki. Akauliza Rukia anatazama wapi. Mtu akasema magharibi.

"Basi tumelala vibaya mwaka mzima," alisema. "Ule ukuta wa Dani haukuwa kaskazini. Kaskazini ilikuwa kwetu. Sisi si Yuda, sisi ndio Dani, na Dani hutoka mwisho. Mimi narudi."

Tulicheka. Niliona sijawahi kusikia jambo la kichekesho kama lile, mwanamke mzima na mikono yake imejaa masufuria anarudi mjini kurekebisha pande za dunia. Nilimuuliza kama na mimi nirudi, maana kama yeye ni Dani basi na mimi jirani yake siwezi kuwa Isakari tena. Akasema mwenye beramu anatosha, wewe piga deki. Akashuka, akapanda pikapu. Yaliyofuata niliyapata kwa wenzangu waliokuwa bado kule. Alipanda ngazi akihema, akamshika Nabwire mkono, akampeleka mwenyewe kwa ngazi za nyuma mpaka kwenye pikapu, akampandisha mbele pembeni ya dereva, akampa lile koti lake la udobi lenye jina la hoteli alivae. Nabwire hakuelewa, yeye ni Dani, kwa nini anatangulia? Mama Debora akamwambia kibla kimebadilika, yalla, nenda. Wengine akawaambia washuke kwa ngazi hizo hizo, wawili wawili, vitu waviache. Wakaguzi walikuwa tayari ghorofa ya pili. Hawakungoja wiki ijayo. Walipogonga, aliwafungulia mwenyewe, ana ufagio, akawakaribisha ndani, akawauliza kama watakunywa chai, akaanza kuwaeleza kwa Kiingereza chake cha polepole habari za mkataba, mwenye nyumba na bomba linalovuja. Wakamuuliza nani analala kwenye vitanda vyote hivi. Akasema ni yeye.

Nabwire alifika Al Nahda salama. Mama Debora alifika siku iliyofuata, baada ya kuhojiwa, naye hakutoa jina la mtu. Nyumba ilikuwa kwa jina lake na kosa likawa lake. Hoteli haikutaka msimamizi mwenye kesi, wakamfutia viza, na alipewa muda mfupi wa kuondoka. Zile wiki alizobaki alilala kwenye kitanda cha Dani, cha kaskazini ya kweli, karibu na mlango, na aliingia bafuni wa mwisho. Hakulalamika. Mara moja nilimsikia kwa Debora akisema kazi imeisha, nakuja, hapana, hakuna ubaya, imeisha tu, na ile habari ya kuitwa madam hakuisema tena. Usiku wa kumsindikiza nilimuuliza moja kwa moja kwa nini alirudi. Aliniangalia kama anavyoangaliwa mtoto aliyeuliza kwa nini ugali ni wa moto. "Si nilishasema," akajibu. "Dani hutoka mwisho."

Basi miaka yote hiyo hicho ndicho kilikuwa kisa changu. Nimekisimulia hotelini, nimekisimulia kwenye harusi, na watu wamecheka kila mara: mwanamke aliyepoteza kazi yake kwa sababu ya kukosea kaskazini. Nilikuwa na maoni yangu pia, niliyoyasema nikishashiba. Kwamba kama Rukia asingeswali saa ile, Nabwire angekamatwa na Mama Debora angelala usingizi wake wote, kwa kuwa mpango ungekuwa umefuatwa. Kwamba wema wa namna hiyo si wema, ni bahati. Nabwire mwenyewe alikuwa ameniunga mkono zaidi ya mara moja. Alirudi kwao wakati wa msamaha wa wasio na vibali, akaja tena kwa karatasi safi, sasa anapika kwenye shule na pacha wake wamemaliza masomo. Alikuwa akisema Mungu alimpindulia dunia siku ile, kaskazini ikawa magharibi, kwa ajili ya mtumwa wake Nabwire. Alikuwa na kanisa zima linalojua ushuhuda huo.

Jumapili ile ya msiba, baada ya sala, tulikaa kula, na mtu mmoja aliyekuja na mumewe akataka kujua marehemu alikuwa mtu gani. Wenzangu wakanigeukia. Nikakitoa kisa changu kama nilivyozoea, kwa utulivu, na penye kucheka wakacheka, wakifuta machozi. Rukia hakucheka. Sasa ni bibi mwenye wajukuu, mjomba amekufa na nyumba ile ya Al Nahda tuliyokaa ndani yake amebaki nayo yeye. Alinisubiri nimalize, akaiweka sahani yake chini.

"Mwenzangu, hicho kisa chako nimekisikia mara nyingi nami nimenyamaza kwa kuwa yeye aliniambia ninyamaze," alisema. "Sasa hayupo. Wiki ile ile ya mwanzo nilimwambia, Mama, hapa kibla si kaskazini, hapa ni magharibi. Akanambia, haya nimejua, lakini usiwaambie, bafu limeanza kupata amani."

Nilimuuliza ile simu. Akasema haikuwa ya dereva. Ilikuwa ya mlinzi, kumwambia wakaguzi wako jengo la jirani, letu linafuata. "Akanifuata jikoni, akanambia, Rukia mwanangu, swali dhuha yako sasa hivi, pale penye jua, wenzako wakuone. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, nikiwaambia naenda kumtoa Nabwire watanizuia, na Nabwire akijua atakataa kutoka. Nikisema ni kambi, hakuna atakayebisha."

Hakuna aliyekuwa anakula tena. Nilikuwa nimemsikia mwanamke yule mwaka mzima kupitia pazia, simu zake zote, pumzi zake zote, nikaamini nimemjua. Niliona aibu, na niliona huzuni, ile ambayo haikuja nilipokuwa sokoni. Nabwire alikuwa amekaa kwenye zulia na mikono yake mapajani. Midomo yake ilikuwa inacheza kama ya mtu anayehesabu.

"Miaka yote nimemshukuru Mungu peke yake," alisema. "Yeye sikumpigia simu hata mara moja."